Mapango Tisa ya Mama

Mama yangu alipofuka miaka ile bendera ya uhuru ilipokuwa bado mpya, na hakuacha kwenda baharini hata bamvua moja. Naanza na hilo kwa sababu watu wakinisikia nikimsifu hudhani nasifu mkono wake wa jikoni. Alipika, ndiyo, tena akapika vizuri, na wajukuu aliwalea mpaka mgongo ukapinda. Lakini mimi nikimkumbuka mama, namkumbuka maji yakiwa kifuani.

Kwetu Msambweni kuchokoa pweza ni kazi ya wanawake. Siku za bamvua, maji yakikupwa sana, mwamba wote hutoka nje, na mwanamke hushika mchokoo wake, kijiti kirefu chenye ncha, akaenda pango kwa pango. Sasa pango la pweza lina mwenyewe. Ukimtoa pweza leo, baada ya siku kadhaa mwingine huhamia mumo humo, kwa hiyo pango ni shamba. Mama humwonyesha bintiye kimya kimya, kwa kumshika mkono na kumkanyagisha mahali penyewe. Halitajwi kwa mdomo. Pango likishatajwa mbele ya watu limekuwa la watu, na hakuna wa kumshtaki mwenzake.

Mama alikuwa na mapango tisa, yamefuatana kutoka ukingo wa mwamba hadi karibu na mchanga wa ufukoni. Aliyarithi kwa mamake. Mimi, binti yake wa pekee, nilikuwa nimeshaolewa, nimeshazaa, na hajanionyesha hata moja. "Una haraka wewe," aliniambia. "Miguu yako haijatulia." Niliudhika, siwezi kusema uongo. Najiona mtu mzima, naye bado ananipima kama kigori!

Basi macho yakamwingia ukungu, kwanza moja, halafu la pili. Nikasema haya, sasa atakaa nyumbani na wajukuu wake. Wapi! Alijifunga leso, akavua viatu, akashika njia. Miguu yake ilijua. Akikanyaga majani ya bahari alijua yuko wapi, akikanyaga mchanga wa mikunjo alijua yuko wapi. Nilimwona kwa macho yangu akisimama, akisugua jiwe kwa kidole gumba cha mguu, akainama, akachokoa, na pweza akatoka amemzunguka mkono mpaka kwapani. Akambamiza mwambani mpaka akalegea. Subhanallah! Mimi mwenye macho mawili siku hiyo nilirudi na kikapu kitupu.

Lakini watu nao wana midomo. Kisimani, harusini, kila mahali: yule anamwacha mamake kipofu akazame, mwana gani yule? Maneno yakaniingia. Asubuhi moja ya masika nikasema leo namrudisha nyumbani, atake asitake. Nikamfunga mwanangu mgongoni, alikuwa bado ananyonya, nikamfuata.

Nilimkuta ukingoni kabisa. Karibu naye walikuwa majirani zetu wawili, wanawake wa makamo. Mmoja wao, Mungu amrehemu, simsengenyi, ila kwa miaka mingi alikuwa akimnyemelea mama apate kujua mapango yake. Mama akisimama, naye anasimama. Mama naye si mjinga. Akimhisi yuko nyuma yake, hujichokolea mchanga mtupu, akaguna, "Leo hawapo," akaenda zake. Tukikaa jikoni akitusimulia tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Nikaanza maneno yangu. Nikamwambia ananiaibisha. Nikamwambia uzee nao una adabu yake. Yeye anachokoa tu, wala hageuki. Tuko katika kugombana hivyo, mvua ikatushukia bila hata kubisha hodi. Haikuwa ya matone, ilikuwa ukuta. Ufuko ukapotea, minazi ikapotea, nikinyoosha mkono sioni vidole. Na maji yalikuwa yameshaanza kujaa.

"Huku!" nikasema. Niliona kitu cheusi mbele yangu, nikaapa ni miti ya pwani. Nikamvuta mama kwa mkono, majirani wakanifuata. Hatua ishirini, maji magotini. Hatua kumi nyingine, kiunoni, nayo ni ya baridi. Mama akasimama, nikimvuta havutiki.

"Huko ni mkondoni," akasema. "Maji baridi hayo yanatoka bahari kuu. Rudi."

"Mama, mimi naona!"

"Unaona nini?"

"Kipofu ndiye wa kuniongoza mimi?"

Nililitamka, kwa mdomo huu huu. Nimelitubia kila sala tangu siku ile. Mama alinyoosha mkono nyuma yangu, akamgusa mwanangu kichwani, akamhisi alivyolowa na anavyotetemeka. Kisha akainamisha kichwa, midomo ikimcheza. Nilidhani anasoma dua.

"Rudini nyuma mpaka maji yafike magotini," akasema. Tukarudi. "Fungeni leso zenu, ncha kwa ncha, tusimame mstari mmoja. Tafuteni kwa michokoo na kwa miguu. Kuna pango lina milango miwili, katikati yake jiwe bapa. Liko hapa hapa karibu, lakini miguu yangu peke yake haitalifikia upesi. Nikilipata hilo najua njia ya nyumbani."

Sikuamini masikio yangu. Majirani nao walisimama kama waliopigwa na butwaa, kwa sababu sote wanne tulijua ni nini kilichotoka kinywani mwake.

"Mnangoja nini?" akapaza sauti. "Tafuteni! Mtoto anakufa na baridi!"

Tukatafuta. Aliyelipata ni jirani yule yule. "Lipo hapa," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Mama akaja, akaligusa kwa kidole, akaugeuza mstari wetu mzima. "Sasa twendeni. Linalofuata liko chini ya tumbawe lililokaa mfano wa meza, upande wa kushoto. Mimi huliita Mkwe, kwa sababu pweza wake hatoki mpaka umbembeleze." Katikati ya mauti mwanamke yule alifanya mzaha! Na sisi, wallahi, tukacheka, huku meno yanagongana.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Pango moja likipatikana, analitaja linalofuata na alama zake: hili lina mdomo mwembamba, lile limezibwa na kome, lile jingine ukilikanyaga linatoa mchanga laini. Yote aliyoyaficha maisha yake yote, na aliyoyaficha mamake kabla yake, aliyatoa moja baada ya moja kwa sauti ya juu. Pango la saba maji yalinifika kifuani. Nikampandisha mwanangu mabegani. Mama, mfupi kuliko sisi sote, maji yalikuwa shingoni mwake, na bado yeye ndiye aliyekuwa mbele. Nilimtazama kisogo chake na nikamwogopa, kama unavyoogopa kitu kikubwa kilichokupita ukubwa. Huyu ndiye niliyekuja kumfungia ndani.

Baada ya pango la tisa tukahisi mchanga, mchanga ukapanda, na minazi ikatokeza mbele yetu. Tukaanguka ufukoni kama magunia.

Mama akamtaka mtoto. Akampapasa kichwa, mikono, miguu, kidole kwa kidole, mpaka akaridhika, kisha akampakata na kumfunika kwa mwili wake. Nikapiga magoti nimwombe radhi. Yeye akanitangulia kusema.

"Nisamehe, mwanangu. Yalikuwa yako yale. Nilingoja utulie nikuonyeshe. Sasa nimeshayataja mbele ya watu, sina tena cha kukurithisha."

Nililia kwa kwikwi. Nilimwita kipofu, akaniokoa mimi na mwanangu, kisha akaniomba msamaha yeye.

Jirani yule alikuwa pembeni akikamua leso yake. Miaka yote ile ya kunyemelea, na sasa anayo yote tisa, na alama zake, na njia yake. Hakututazama.

"Umetaja nini, mama?" akauliza. "Mimi sikusikia kitu. Mvua ilikuwa na kelele."

"Hata mimi," akasema mwenzake.

Mpaka wanaingia kaburini, wote wawili, hawakuwahi kuchokoa pweza mle.