Mikono ya Fundi Imebaki Kiwandani

King'ora cha zamu ya asubuhi hakijalia, lakini simu imeshaanza kutetemeka mfukoni. Mama Raundi anaitoa, anafuta vumbi la magadi kwenye kioo chake kwa mkono wa ovaroli, kisha anaielekeza kwenye kibandiko cha vimraba vyeusi na vyeupe kilicho ubavuni mwa pampu. Simu inalia mara moja. Imemtambua yeye, na imeitambua mashine.

“Pampu namba mbili,” maandishi yanasema. “Sikiliza. Je, kuna mlio usio wa kawaida?”

Anainamisha kichwa, anasikiliza, anabonyeza hapana. Je, kuna mahali panapovuja? Anachuchumaa na kumulika sakafuni. Hapana. Je, beringi ina joto kupita kiasi? Anaweka kipimo, anasubiri, anaandika nambari.

Kisha inatokea picha. Mikono miwili ya mwanamume imeshika bomba la grisi, kucha ya dole gumba la kushoto ikiwa imepinda kwa jeraha la zamani. Chini yake pameandikwa: “Weka grisi hivi.”

Mama Raundi haitazami. Anaisukuma kando upesi, kama mtu anayepita msiba usiomhusu. Ila huu unamhusu. Mikono ile ni ya mume wake, na mume wake hafanyi kazi hapa tena.

Kiwanda hiki kinatengeneza sabuni za miche. Mama Raundi ni opereta wa mitambo kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya kuzunguka kwake. Anapita matangi ya mafuta, pampu, mikanda, mashine za kukatia, hadi chumba cha boila linalotoa mvuke. Akimaliza, anaanza tena. Viatu vyake vinaisha upande mmoja, ule wa kushoto, kwa sababu mzunguko wote unakata kona kushoto.

Kabla ya simu, ukaguzi uliandikwa kwenye ubao uliotundikwa karibu na chumba cha chai. Hapo ndipo palipokuwa na udanganyifu.

“Wanaolilia zamani wasikudanganye,” anasema. “Tulikuwa tunaweka vema kwenye ubao huku tumekaa, kikombe mkononi. Pampu ikifa, kila mtu anaapa kwamba alipita. Mwezi ulikuwa haukatiki bila kiwanda kusimama mara saba, mara nane. Sasa hivi ni mara moja, na kuna miezi hakisimami kabisa. Simu ni nzuri. Ingekuwa mbaya, hata nisingeumia hivi.”

Simu hairuhusu uongo wa kukaa. Usipofika kwenye mashine yenyewe, kibandiko hukipati, na usipokipata, swali linalofuata halitokei. Ukijibu kwamba mkanda umelegea, inakuonyesha kwa picha na video jinsi ya kuukaza, hatua kwa hatua, hata kama jana ulikuwa unauza mitumba.

Hizo picha zilipaswa kupigwa na mtu, na zikamhitaji mtu wa kupigwa picha akifanya kazi. Meneja wa uzalishaji alimchagua Mama Raundi kwa kuwa anasoma vizuri na haogopi simu. Wa pili alikuwa fundi mkuu wa matengenezo. Kwamba wawili hao walikuwa mke na mume, meneja aliona ni bahati: hawatagombania ratiba.

Walifanya kazi hiyo mwezi mzima. Kwa miaka walikuwa zamu tofauti, mmoja akitoka mwingine anaingia, wakiachiana ujumbe juu ya jokofu. Sasa walishinda pamoja kutwa, yeye akishika simu, mumewe akishika spana.

“Ulikuwa mwezi mtamu, nisikufiche,” anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. “Tulirudi uchumba. Ananiletea chai, ananiambia, ‘Mpiga picha, kunywa kabla hujanikata kichwa kwenye video.’ Namwambia, ‘Kichwa hawakitaki, baba, wanataka mikono tu.’ Nilidhani natania.”

Miezi mitano baadaye mafundi waliitwa ofisini. Waliingia watano, akabaki mmoja, kijana kuliko wote na wa bei nafuu kuliko wote. Wale wanne waliambiwa kwamba kazi zimerahisishwa. Nafasi zao zilichukuliwa na vibarua wa kutwa wenye simu mkononi. Vibarua watatu hulipwa, kwa pamoja, chini ya alichokuwa akipata fundi mkuu peke yake.

Mmoja wao ni mtu mzima mpole aliyekuwa fundi nguo mpaka mitumba ilipomlaza. Wenzake wanamwita Cherehani. Wiki yake ya kwanza, hakujua kitu.

“Dada,” alimuuliza Mama Raundi, akiwa amepiga magoti mbele ya pampu, “huyu jamaa wa kwenye simu yuko wapi? Nataka nimpe mkono. Anafundisha bila kutukana.”

“Yuko nyumbani.”

“Kastaafu?”

“Kastaafishwa.”

“Na nani?”

“Na wewe,” Mama Raundi alimjibu, akaendelea na mzunguko wake.

Kesho yake Cherehani alimsubiri getini, kofia mkononi. Wenzake walikuwa wameshamwambia. “Dada, nisamehe. Sikujua ni shemeji. Lakini nina watoto.” Naye Mama Raundi akamwambia avae kofia, jua linaunguza, na kwamba kila mtu ana watoto.

Ni Cherehani pia aliyeleta habari ya kugonga. Fundi, yaani mume wa Mama Raundi, alikuwa na mazoea: kabla ya kufungua mashine yoyote huigonga mara mbili kwa mpini wa spana. Hakuna sababu. Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa akifanya hivyo, naye akaiga. Kwenye video mikono inagonga, ko, ko. Basi vibarua wote nao wanagonga. Siku moja kibarua mpya alisahau, msimamizi wa zamu akamfokea: “Umeruka hatua! Rudi ugonge!” Programu ya kwenye simu iliporekebishwa, hatua hiyo ikaandikwa kabisa: “Gonga mara mbili.”

Mama Raundi alimsimulia mumewe jioni hiyo. Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko kikakatika, akauliza, “Kwa hiyo mpaka na upuuzi wangu wameuchukua?” Akatoka kukaa nje.

Nyumbani kwao ni vyumba viwili na sebule, bati jipya lililonunuliwa kwa kiinua mgongo, na hicho kiinua mgongo hakipo tena. Fundi anatengeneza pasi na feni za majirani, ambao hulipa kwa shukrani. Mama yake mzazi, anayeishi nao, hana maneno ya kuzunguka. “Mwanangu kaachishwa kazi na mkewe,” humwambia kila mgeni, hata aliyekuja kuomba chumvi. Mama Raundi hamjibu. Ni mkwe wake, na pia, anasema, mtu hawezi kubishana na jambo ambalo ni nusu kweli.

Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakijaingia kwenye simu: boila. Lile walimwachia fundi aliyebaki, ambaye mwishoni mwa mwaka alipata kazi kwingine na kuondoka bila hata kuaga. Huko nyumbani, Fundi alizisikia habari hizo, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi akanyoa ndevu. Aliamini wataita.

Waliita, ila waliyemwita ni mkewe.

“Mama, mkataba wako unaisha mwezi huu, siyo?” meneja aliuliza.

“Ndiyo, bosi.”

“Na boila bado hatujalipiga picha. Ongea na mzee. Siku mbili tu, tutamlipa.”

“Mrudisheni kazini, atalisimamia mwenyewe.”

“Nafasi hiyo haipo tena, mama. Siyo kwamba sitaki. Haipo.”

Usiku wa siku hiyo kulikuwa na mazungumzo mafupi jikoni, sufuria ikiwa bado motoni.

“Wanataka boila,” Mama Raundi alisema.

“Najua. Ndilo lililobaki.” Fundi aliifunika sufuria. “Mkataba wako?”

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo wamekutuma.”

“Wamenituma, na nimekuja. Ulitaka nifanyeje, nigaegae getini? Tukikosa na mshahara wangu, tutakula hizo feni?”

Fundi alikwenda. Getini mlinzi aliyemjua miaka yote alimvisha kitambulisho cha mgeni, akitazama pembeni. “Samahani, Fundi. Ni utaratibu.”

Siku ya kwanza ilipita bila neno lisilo la kazi. Anza. Rudia. Sogea, unaziba mwanga. Siku ya pili walifika kwenye kioo cha maji, bomba dogo la kioo lililo ubavuni mwa boila, ambalo humwonyesha opereta maji yamefika wapi ndani. Kioo hicho kinaweza kuziba kwa uchafu. Kikiziba, kitaonyesha maji yapo wakati boila limekauka, na boila lililokauka likiongezwa maji hugeuka bomu. Kwa hiyo kila zamu kioo hujaribiwa: bilula ndogo ya chini inafunguliwa, maji yanashuka, inafungwa, na maji yanapaswa kurudi juu mara moja. Yakisita, moto unazimwa.

Fundi alikionyesha kioo kwa kidole, akasoma kiwango, akahamia kwenye geji ya mvuke. Bilula hakuigusa.

Mama Raundi alishusha simu. “Umeruka.”

“Sijaruka.”

“Umeruka, baba. Ya chini.”

“Kata video, tuendelee.”

“Nikate nini? Hukufungua bilula.”

Fundi alimkaribia, akasema taratibu ili msimamizi wa zamu aliyekuwa mlangoni asisikie. “Niachie hiyo moja. Moja tu. Likianza kuwasumbua, wataniita.”

“Likianza kumsumbua nani? Meneja haingii humu. Anaingia Cherehani.”

“Huyo anayekula kazi yangu?”

“Huyo huyo. Na mimi ninapita hapa kila zamu, au umesahau?”

Anasema mvuke ulikuwa ukifoka juu yao. Kisha Fundi alirudi kwenye kioo. Mama Raundi akainua simu. Mikono ikafungua bilula, maji yakashuka, mikono ikafunga, maji yakapanda. Aliifanya mara tatu, polepole, vizuri kuliko alivyowahi kuifanya, kisha akaweka spana sakafuni na kutoka nje, kitambulisho cha mgeni bado kifuani.

“Sijui kama kweli angeiacha ile hatua, au ni hasira tu,” Mama Raundi anasema. “Si mtu mbaya. Alikuwa anatafuta pa kushika. Nami nilikuwa nimemshika vidole, namwambia achia.”

Mkataba wake uliongezwa mwaka mmoja. Fundi alilipwa siku mbili. Cherehani sasa anaendesha boila, na mwezi uliopita maji ya kwenye kioo yalisita kurudi. Akafanya kama video inavyosema: akazima moto, akatoka, akaita msaada. Bomba lilikuwa limeziba. Hakuna aliyeumia. Meneja aliagiza soda kwa zamu nzima na kuisifu programu.

Mama Raundi aliinywa soda yake akiwa amesimama. Nyumbani hakusema kitu. “Ningemwambia nini? Kwamba umeokoa watu, na kwamba ndiyo maana hawakuhitaji?”

Habari ilifika hata hivyo, kwa mdomo wa Cherehani, aliyekwenda mwenyewe na sukari kilo mbili kumshukuru shemeji. Fundi aliipokea sukari, akamkaribisha kiti, wakazungumza mpira. Mgeni alipoondoka, akaenda kulala bila kula.

Sasa Mama Raundi anaweka akiba ya kununua mashine ya kuchomelea vyuma, iliyotumika lakini nzima. Jirani ana banda tupu linalotazama barabara, na amekubali kodi ianze baada ya miezi mitatu. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma: kazi ipo. Fundi alikwenda kuliona banda hilo wiki iliyopita, akapima urefu wake kwa hatua, akatikisa nguzo.

“Amekubali,” Mama Raundi anasema, akiifunga kamba ya kiatu kilicholika upande. Muda wake wa kupumzika umekwisha na simu imeanza tena kutetemeka. “Ana sharti moja. Akiwa kazini, mimi nisiingie. Mtu yeyote aingie, mteja, mwanafunzi, hata Cherehani. Mimi hapana.”

Anasimama.

“Nimemwambia sawa. Chakula nitapeleka, nitabisha hodi, nitakiacha mlangoni.”