Diski ya Siku ya Kupambwa

Siku nilipopambwa kwa harusi yangu, mama mkubwa alisimama mlangoni na kapu, akawanyang'anya wageni wote simu zao. Hakumsaza mtu, hata vikongwe wasiojua kupiga picha. Ndivyo tunavyofanya kwetu Msambweni: siku ya kupamba ni ya wanawake peke yao, mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachwa wazi, na picha hazitoki nje. Aliyeruhusiwa kurekodi ni mwanamke mmoja tuliyemkodi. Alipomaliza alitutilia kila kitu kwenye diski, kile kisanduku cheusi cha kuchomeka kwenye kompyuta, kisha akafuta kwake mbele ya mama mkubwa. Nakala ikabaki moja tu, yetu.

Ndani ya diski hiyo mama yangu alikuwa anacheza. Waliomjua hawataamini. Mama alikuwa mtu wa haya, hata kicheko alikiziba kwa mtandio. Siku hiyo alijifunga leso kiunoni, akaingia katikati, akaniimbia kwa sauti ya juu mpaka wenzake wakampokea. Haukupita muda mrefu akafariki. Picha nyingine niliyo nayo ni ya kitambulisho, na humo amenuna.

Nikizidiwa na kumkumbuka nilikuwa nafungua kompyuta, namtazama. Siku moja nikachomeka diski, kompyuta ikadai haiitambui, ikaniuliza kama nataka kuifomati, yaani kila kitu kipanguswe ianze upya. Nikakataa. Nikabadilisha waya, nikabadilisha tundu, nikazima na kuwasha. Taa ilikuwa inawaka na ndani nasikia inazunguka, lakini jina lake limepotea na ukubwa wake unaonekana sufuri. Nikaenda nayo kazini, hotelini Galu, nikaijaribu kwenye kompyuta ya mapokezi. Yakawa yale yale.

Mwenzangu wa mapokezi, mtu wa bara, aliitazama akacheka.

"Usikubali kufomati, sista. Mafaili ziko tu ndani, imepoteza tu ile orodha ya kuonyesha ziko wapi. Niachie wikendi, nitakutolea zote."

Nilirudi nyumbani moyo mweupe nikamweleza mama mkubwa. Akanikodolea macho.

"Umpe mwanamume huyo atutazame vichwa wazi? Wewe mwana una wazimu?"

Yeye alikuwa na fundi wake: maalim wa madrasa, mtu wa dini, ambaye mchana hutengeneza kompyuta. Kwamba maalim naye ni mwanamume, hilo hakutaka kulisikia.

Tulimkuta dukani, tukaamkiana. Nilitaka kumwambia mna wanawake mle, asifungue, ayahamishe tu mafaili kama yalivyo. Lakini mambo hayo hayasemwi mbele ya mwanamume, na mama mkubwa akawahi kunijibia.

"Ni mambo ya nyumbani tu, maalim. Tutazamie."

Nikaomba nikae nisubiri. Mama mkubwa akanifinya mkono. Haipendezi, akasema, mke wa mtu kushinda dukani kwa watu. Tukaondoka.

Tuliporudi baada ya alasiri, maalim hakutuinulia macho.

"Yalitoka yote, mwanangu, hayakuharibika hata kidogo. Nikafungua moja nihakikishe. Wallahi, niligeuza uso papo hapo. Nimeyafuta, na nimeandika juu yake tena na tena, hata mwizi hawezi kuyarudisha. Nimewasitiri. Na diski yenyewe sasa ni nzima."

Akaichomeka tuone. Kompyuta ikaitambua mara moja, jina lake na ukubwa wake, na ndani mkavu hamna kitu.

Yalitoka yote. Neno hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo. Ingekuwa diski imekufa, ningesema ni kudra. Lakini mama alikuwa mle dukani, mzima, leso kiunoni, anaimba, na mtu akamfuta kwa heshima. Hakuniuliza. Nilitamani kumrushia ile diski usoni.

Mama mkubwa aliinua mikono kumwombea dua. Aliyefutwa ni mdogo wake, wa tumbo moja, naye anamwombea kheri aliyemfuta. Alipomaliza akanipiga kiwiko, kwani nimesimama tu kama sikufunzwa adabu. Nilikuwa nimefunzwa, na aliyenifunza ni mama. Nikainamisha kichwa nikasema, "Ahsante, maalim."