Beleshi Nyuma ya Mlango

Sisi wa enzi za kambi ya wakimbizi tulifundishwa theluji kabla ya kufundishwa kuwasha taa ya umeme. Wenzangu mliokulia Kigoma na leo mnaishi Fairfield, Bankstown au huku kwetu Quakers Hill, hapa Sydney, nadhani mnalikumbuka lile darasa la wasafiri: banda la mabati, mabenchi yasiyo na egemeo, na mwalimu wa Kitanzania aliyetundika ukutani picha ya nyumba iliyofukiwa na weupe mpaka madirishani. Yeye mwenyewe theluji hajawahi kuiona. Alisoma kitabuni, akatueleza kwa Kiswahili, na mkalimani akawageuzia wazee kwa Kirundi. Familia zilizokaa pale zilikuwa zinakwenda nchi mbalimbali, nyingine za baridi kali na nyingine za joto, lakini somo lilikuwa lile lile kwa wote.

Nilikuwa na miaka tisa, na sikutaka kuondoka. Watu wakisikia neno kambi wanadhani tulikuwa tunalia asubuhi mpaka jioni. Tulikuwa na raha zetu. Tulicheza rede mpaka mama zetu wapoteze sauti kwa kutuita, na mpira wetu ulikuwa soksi iliyojazwa matambara. Siku ya mgao tulirudi na unga wa mahindi kichwani, dengu za njano na mafuta kwenye chupa, na usiku ule hakuna aliyelala bila kushiba. Mvua ya mawe ikinyesha, watoto walitoka na sufuria kuokota barafu, wakaimumunya huku meno yanawauma. Binti yangu leo anafungua friji mara kumi kwa siku na kuniambia hakuna kitu ndani.

Nimesema watoto walitoka. Watoto wa kwetu hawakutoka. Kaka yangu Elia, kifungua mimba wa Baba na Mama, alikufa mchana mmoja wa mvua ya mawe. Alijibanza kwenye ukuta wa nyumba yetu, ukuta wa matofali mabichi uliokwisha kulowa, ukamwangukia. Baba ndiye aliyefyatua kila tofali la ukuta ule. Mimi nilikuwa na miaka minne, na sura ya Elia siikumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni kwamba tangu siku hiyo Baba hakuingia katika nyumba ya mtu bila kupapasa ukuta kwanza, kimya kimya, kama anayetafuta homa kwenye paji la uso.

Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mtoto akifa hakuna anayembadilishia mzazi jina. Kwa hiyo Baba alibaki kuwa Baba Elia. Waliomsalimu kanisani walimwita hivyo, na waliogombania foleni bombani walimwita hivyo. Aliitika kila mara. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoanza kujiuliza ilimgharimu nini kuitika.

Sasa turudi darasani. Mwalimu alisema theluji, mkalimani akasema urubura. Kirundi chetu kina neno hilo moja kwa yote mawili, theluji na mvua ya mawe. Mimi nilikuwa na Kiswahili cha shule, tena nilikuwa naiona ile picha, nikaelewa kwamba ni kitu laini kinachoanguka polepole. Baba alisikia urubura. Alichoelewa ni kwamba anawapeleka watoto wake waliobaki, mimi na mdogo wangu Neema, kwenye nchi ambako kile kilichomuua Elia kinanyesha miezi mitatu mfululizo, na kwamba Mungu amemletea mwalimu wa kumwonyesha namna ya kuilinda nyumba. Alikaa mbele kabisa. Kila baada ya muda aliinua mkono.

"Mwalimu, samahani, rudia hapo."

Kwa kuwa kusoma kulimpa shida, mimi ndiye niliyekaririshwa. Beleshi likae ndani, nyuma ya mlango, kwa sababu mlango ukizibwa huwezi kulifuata nje. Paa lisiachiwe mzigo. Bomba liachwe lidondoke kidogo ili maji yasigande. Kuwe na chakula cha siku tatu na mishumaa. Mkaa usiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa, na mtu akisikia kichwa kinamuuma afungue dirisha kwanza, aulize baadaye. Halafu mkubwa wa nyumba akamwangalie jirani. Hilo la mkaa lilimchekesha sana Mama. "Nimepikia ndani tangu nazaliwa," alisema, "na kichwa changu hiki hapa." Na kweli, nyumba zetu za udongo zilikuwa na matundu kila upande. Moshi ulitoka, panya waliingia, na sisi tulilala.

Tulitua Sydney mwezi wa kwanza, jua linachoma lami, Baba kavaa koti la manyoya alilopewa kwa ajili ya safari. Hakulivua mpaka tulipofika kwenye fleti yetu Fairfield, ghorofa ya kwanza. Wiki ya pili alinunua beleshi kwa mzee mmoja aliyekuwa anauza vitu vyake vya zamani mbele ya nyumba, akalisimamisha nyuma ya mlango. Fikirieni, beleshi ghorofani, watu hatuna hata kipande cha bustani.

Chini yetu alikaa Mama Furaha, Mkongo wa Uvira, mjane mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alipoliona lile beleshi alicheka mpaka akaketi ngazini.

"Baba Elia, ile neige yako, ile theluji, itafika siku gani? Siye tumechoka kungoya."

"Cheka tu," Baba alimjibu. "Ikija nitaanza na mlango wako."

Kila mwezi wa sita ukiingia, baridi ya huku inapoanza, Jumapili baada ya ibada, tulipangwa sebuleni tukariri masharti. Neema alikuwa amekwisha kuanza shule, na Kiswahili alikisikia lakini ulimi wake ulikuwa umehamia kwingine. "Dad," alisema akikunja mikono, "it doesn't snow in Sydney." Mimi nilikuwa upande wake. Tulimwonea Baba aibu mbele ya rafiki zetu, tukawaambia beleshi ni la kuulia nyoka. Baba hakubishana. Alisubiri tumalize kunung'unika, halafu akasema, "Tuanze upya. Beleshi likae wapi?"

Ilichukua miaka mitatu. Siku hiyo tulikuwa tumetoka shule, mbingu ikageuka rangi ya kijani, upepo ukanyamaza, na mara moja yakaanza kuanguka mawe makubwa kuliko ndimu. Vigae vya nyumba ya pili vilipasuka. Vioo vya magari vilipasuka. Dakika chache tu, mtaa mzima ulikuwa mweupe kama ile picha ya darasani. Baba alisimama kwenye mlango wa kibaraza, akasema kwa sauti ndogo, "Urubura ndio huu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote ile sisi tulicheka tukidhani anangojea theluji, kumbe yeye alikuwa anangojea kitu alichokifahamu vizuri kuliko sisi sote.

Barafu ilikuwa imeziba tundu la maji la kibaraza, maji yakawa yanapita chini ya mlango kuingia sebuleni. Baba alichukua beleshi na kuanza kuizoa kuitupa nje, mimi namsaidia kwa ndoo. Umeme ulikuwa umekatika. Mama alikuwa na maharage yake hayajaiva, jiko la umeme limekufa, na baridi imeingia. Alifanya ambalo mama yeyote wa kambini angefanya. Alichukua jiko lake dogo la mkaa la kuchomea mahindi, akaliwasha jikoni, akafunga dirisha na mlango ili Neema apate joto.

Sijui tulikaa nje muda gani. Baba alipoingia kutafuta kitambaa alimkuta Mama ameegemea kabati.

"Kichwa kinanigonga kidogo," Mama alisema.

Baba hakuuliza kitu. Alifungua dirisha, na lilipokwama alilisukuma kwa mpini wa beleshi mpaka kioo kikatoka. Akalinyanyua lile jiko kwa mikono mitupu, likiwa limejaa makaa, akalitupa kibarazani juu ya barafu. Ndipo akamwona Neema. Alikuwa amelala sakafuni karibu na lilipokuwa jiko, na alipoitwa hakuamka. Baba alimbeba akashuka naye ngazi, Mama anamfuata anayumba, mimi nyuma yao nikilia. Alikaa uani juu ya barafu, mtoto mapajani, akimpepea kwa viganja vilivyoungua. "Siyo huyu," alikuwa anasema. "Siyo huyu tena." Alisema hivyo mpaka Neema akatapika, akakohoa, akaanza kulia. Sijawahi kusikia kilio kizuri kama kile. Baada ya siku ile Mama Furaha hakulicheka beleshi, na sisi hatukusubiri kuambiwa tukariri.

Miaka ikapita kama inavyopita. Mama alituacha kwa maradhi, miaka miwili kabla ya ugonjwa huu wa dunia kuingia. Mimi niliolewa nikahamia Quakers Hill, Neema akapata kazi ya kuhudumia wazee. Baba alikataa kuhama. Makovu ya viganja vyake yalikuwa yamekuwa meupe, na beleshi nyuma ya mlango wake halikuhamishwa.

Kisha Sydney ikafungwa kwa ugonjwa ule, kila mtu abaki kwake. Mnakumbuka majira yale ya baridi, polisi mitaani Fairfield, helikopta juu, na sisi wa mbali tumekatazwa kuingia mitaa ile. Masharti yote ya Baba yalifaa, chakula cha siku tatu, mlango, kila kitu, isipokuwa lile la mwisho. Kumwangalia jirani kulikuwa kumepigwa marufuku. Baba alitafuta njia. Kila asubuhi aligonga sakafu mara tatu kwa mpini wa beleshi, na Mama Furaha chini yake akagonga dari mara tatu kwa fagio. Halafu Baba alinipigia simu. "Jirani yuko," alisema, na ndiyo ilikuwa salamu yake.

Asubuhi moja simu iliyoita ilikuwa ya Mama Furaha.

"Riziki, leo papa yako hajagonga. Mimi nimepiga na balai mara mbili, réponse hakuna."

"Ita ambulance, Mama. Ita mbio."

Wahudumu walimkuta kitandani anahema kwa shida, wakamchukua. Hatukuruhusiwa kufika hospitali. Jioni ya siku ya tatu nesi mmoja mwenye huruma alimshikia simu tukamwona, uso wake umefunikwa na barakoa ya hewa, macho yake yanatafuta. Nilimwita.

"Neema yuko wapi?" aliuliza.

"Yupo, Baba. Mzima kabisa. Yuko kazini."

Akavuta pumzi, ikakwama, akavuta nyingine. "Mmefungua dirisha?"

"Tumefungua, Baba."

"Basi," alisema. Alifariki alfajiri ya siku iliyofuata.

Tulimzika watu wachache tu, tumeachana mbali, barakoa zimelowa machozi. Wengine walitazama kwenye simu. Mchungaji alisoma jina lililo kwenye karatasi za serikali, jina ambalo wengi wetu hatukuwahi kulitumia. Kwenye simu niliyoishika ikasikika sauti ya Mama Furaha, aliyekuwa amefungiwa fletini kwake: "Nenda salama, Baba Elia." Nililia zaidi kwa hilo kuliko kwa jeneza. Kitu kimoja alichokiomba maishani, kutomzika mtoto mwingine, alikipata. Bei yake ni kwamba sisi ndio tulimzika, na tulimzika bila kumshika hata mkono.

Enzi zile hatari ilipiga paa, ukaisikia ikija, na nyumba nzima ikakimbilia mahali pamoja. Jirani aligonga akaingia, bila kuulizwa amekaa na nani. Siku hizi tumelindana kwa kukaa mbali, na sisemi tulikosea, lakini mwili wangu haujazoea. Kuta zetu sasa ni imara na madirisha yanafunga barabara, na kuna siku nazikumbuka zile nyumba zenye matundu.

Beleshi liko kwangu sasa, nyuma ya mlango. Binti yangu Imani ana miaka sita. Mwezi wa sita nilimkaririsha masharti, mimi kwa Kiswahili, yeye akinijibu kwa Kiingereza huku jicho moja liko kwenye tableti, na mwisho akaniuliza kama anaweza kwenda. Nilimwacha aende. Nilidhani yameishia hapo.

Jana nilikuwa jikoni nakunja mashati ya Baba niliyokuwa nimeyaweka mwaka mzima bila kuyagusa. Nilikuwa nimelia, nikasema peke yangu tu, kwa Kiswahili, kwamba kichwa kinaniuma. Imani aliweka tableti mezani. Alivuta kiti, akapanda, akafungua dirisha mpaka mwisho. Hakuuliza kwa nini.