Nimeitikia jina la marehemu mahakamani

Leo karani kaita jina la mume wangu, nami nikaitika "Abee!" Watu wakacheka.

Salumu ndiye aliyekishtaki kiwanda kilichotuuzia kompyuta mbovu. Amefariki kabla kesi haijasikilizwa.

Karani alishaita mara mbili. Ya tatu nikaogopa kesi itafutwa, sauti ikanitoka.

"Mama, wewe ndiye Salumu?" hakimu akauliza.

"Mie mjane wake, mheshimiwa."

Kicheko kikakatika. Mtu wa kiwanda akadakia, "Basi ifutwe!"

"Kaa chini, bwana. Mama, ukoo ukuteue msimamizi wa mirathi, ndipo uendelee."

Kikao cha ukoo ni Jumapili. Shemeji zangu wanasema nimwachie Mungu.

Jamani, kompyuta ile haikuwahi kuwaka, na bado Salumu aliifunika kanga yangu kila jioni isiingie vumbi.

Niwaambieje wanielewe?