Mwajuma Hakufa

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyofunga ndoa, na mke wangu hilo analijua, ameshanuna mpaka amechoka. Siku hiyo nilimuua mtu. Usikimbilie polisi kwanza, kaa. Nilimuua kwa mdomo, mchana kweupe, mbele ya akina mama sita waliokuwa wanapukuchua mahindi uani kwetu Mollo. Wao walilia. Mimi nilikwenda kula.

Sasa nimezeeka, meno yaliyobaki nayajua kwa majina, na vijana wananiamkia shikamoo hata wale wasio na sababu ya kuniheshimu. Nimeona heri nikusimulie mwenyewe, maana yuko mjukuu ameshaanza kuisimulia, na yeye anaandika vizuri kuliko mimi.

Shule niliishia kidato cha pili. Watu wakiniuliza kwa nini, huwa nasema macho yalikuwa yananiuma. Ukweli ni kwamba mimi na hesabu tuliachana, na wala hakuna aliyelia. Nikarudi nyumbani na blanketi, sanduku la bati, na maringo ya mtu wa Fomu Tuu. Nyumbani walikuwepo baba na dada yangu Skolastika, tuliyemwita Skola. Mama alishafariki siku nyingi. Skola alinizidi miaka saba hivi, na shule hakupelekwa hata siku moja, kwa sababu mama alipoondoka ilibidi mtu abaki nyumbani na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ni mimi. Hapo paweke akilini, mwanangu, maana huko mbele nitaona aibu na sitaki kuparudia.

Skola alikuwa na mikono. Akiliona gauni mara moja kanisani, Jumapili inayofuata analo, kalikata kwa macho na kulishona kwa sindano ya mkono. Sista mmoja wa parokia akaliona hilo, akamtafutia nafasi kwenye kozi ya ushonaji kule Namanyere. Miezi sita, analala huko huko, na humo humo wanafundishwa kusoma na kuandika. Akamwambia afikirie, ampe jibu mahindi yakishamalizika kupukuchuliwa. Baba alipoulizwa akasema yeye hana neno, mtoto ni mtu mzima, aamue. Baba hakuwa na neno. Mwenye neno nilikuwa mimi, ila nilikuwa bado sijalijua.

Sasa kulikuwa na kitabu. Mjini Sumbawanga kulikuwa na mama mmoja, Bi Rukia, familia yao ina duka la khanga na misumari. Chini ya meza yake aliweka vitabu vya hadithi, akimwazima yeyote anayeweza kurudisha kitabu bila alama ya mafuta. Hicho alichoniazima kilikuwa kimeng'oka jalada. Ukurasa wa mwanzo palikuwa na jina la mwanamke, nami nikajua hilo ni jina la mwenye kitabu. Akina mama waliponiuliza nani ameandika, nikawaambia ni mzee mmoja wa pwani, ndevu mpaka hapa. Wakataka kujua zaidi, nikampa na wake wawili.

Akina mama wa mtaa wetu walikuwa wanasaidiana kupukuchua, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mimi walinipa kigoda niwasomee. Kazi hiyo niliipenda sana, haitoi malengelenge. Wote sita, na Skola wa saba, hakuna aliyejua kusoma, kwa hiyo nilikuwa mfalme. Walikuwa wananiita Mwalimu, nami nilikuwa naitika.

Hadithi ilikuwa ya mwanamke anaitwa Mwajuma, mume hamjali, na yeye ana hamu ya kwenda kusomea ukunga. Basi siku moja anajitwisha kikapu, anaondoka. Wale akina mama walimchukua Mwajuma kama jirani yao. Ukikutana nao asubuhi wanatoka kuchota maji, kabla hujawasalimu wanakuuliza Mwajuma ameamkaje. Jirani yetu Mama Oresta, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili, ndiye alikuwa ananikatiza kila saa. Mwambie afunge mlango huyo. Mwambie asiwaamini hao. Namjibu kwamba kitabu hakisikii, ananiambia nisome kwa sauti basi.

Siku Mwajuma alipojitwisha kikapu, Skola alisema maneno huku anapukuchua, wala hakuinua uso.

"Mimi namngoja Mwajuma. Akifika salama, na mimi nafunga mzigo wangu."

Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka. Lakini niliiona mikono yake, ilikuwa imesimama kwenye gunzi. Skola hakuwa anatania.

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, nilikwenda nyuma ya nyumba nikasoma mpaka mwisho. Mwajuma alifika. Alisoma, akawa mkunga, na ukurasa wa mwisho kabisa anamwandikia mama yake barua. Maneno ya mwisho ya kitabu yalikuwa haya: "Mama, nimefika, na barua hii nimeiandika mwenyewe."

Nikafunga kitabu. Jikoni kulikuwa kunanukia maharage ya Skola, yale aliyokuwa anayaunga kwa karanga. Nikaanza kuwaza. Miezi sita. Baba hajui chumvi inakaa wapi, na mimi moto tu wa kuwasha ulikuwa unanishinda. Nani atapika? Nani atafua? Mwanangu, ningekuambia nilikuwa na sababu kubwa, ya ukoo au ya dini, ungenionea huruma. Sababu ilikuwa maharage.

Kesho yake nilikaa kwenye kigoda changu, macho kwenye karatasi, mdomo kwingine kabisa. Nikasoma kwamba Mwajuma alifika mjini akapotea, akaangukia mikononi mwa watu wabaya, akaugua, akafa peke yake, akazikwa na watu wasiomjua hata jina. Nilisoma taratibu, mpaka na kukohoa nilikohoa mahali pa huzuni. Na wala mwisho ule sikuutunga, akili hiyo sikuwa nayo. Niliuokota kwenye vitabu vingine nilivyokuwa nimesoma. Karibu vyote, mwanamke akitoka nyumbani kurasa za mwanzo, kurasa za mwisho anazikwa, na asipozikwa basi anarudi analia. Ulikuwa mwisho uliozoeleka, kwa hiyo hakuna aliyeushuku.

Akina mama wakalia kama wako msibani. Mama Oresta akatupa gunzi lake chini.

"Huyo mzee wa ndevu hana dada?" aliniuliza.

Nikasema sijui. Nilisema hivyo, mwanangu, dada yangu amekaa hatua tatu kutoka kwangu.

Skola hakulia. Alichukua ungo akaenda kupepeta maharage upande wa pili wa ua, ametupa mgongo. Jumapili akamwambia Sista haendi. Nafasi akapewa msichana mmoja wa Kasense. Mwaka uliofuata hiyo kozi ikafungwa, haikufunguliwa tena. Na mimi nikaendelea kula, tena nikanenepa.

Ikapita miaka minne. Hapo katikati Skola alianza kwenda darasa la watu wazima, alasiri, pale shule ya msingi. Akirudi na daftari lake mimi namcheka, herufi zake kubwa kama mbuzi, mbili zinajaza mstari.  Yeye alikuwa anaandika tu.

Siku moja akaenda mjini dukani kwa Bi Rukia kununua uzi. Akakiona kile kitabu kisicho na jalada, akakiomba. Baadaye aliniambia alitaka akasome mwenyewe mazishi ya Mwajuma, kwa sababu siku ile hakupata nafasi ya kumlilia.

Mimi nilikuwa nimekaa jikoni na sahani yangu alipoingia. Hakusalimia. Akakaa juu ya kinu kilicholala, akafungua kile kitabu karibu na mwisho, akaanza kusoma kwa sauti. Anaweka kidole chini ya neno, analisoma, anasogeza kidole. Mpaka anafika nukta, mtu unaweza kwenda kisimani na kurudi. Nilijua kutoka neno la tatu. Tonge lilikuwa mkononi, halikwenda mdomoni wala halikurudi kwenye sahani. Akasoma sura nzima hivyo hivyo, mpaka ugali ukashika ngozi. Alipofika kwenye barua akarudia neno moja moja. Mama. Nimefika. Na barua hii. Nimeiandika. Mwenyewe.

Kisha akarudisha kurasa mpaka mwanzo, akaniwekea kidole kwenye lile jina.

"Na huyu ni nani?"

"Mwenye kitabu," nikasema.

"Bi Rukia anasema huyu ndiye aliyeandika."

Unajua, lile jina nilikuwa nimeliona siku zote, na haikunipitia kichwani hata mara moja kwamba mtu wa jina lile anaweza kuandika kitabu. Mimi na Fomu Tuu yangu. Nilimnyang'anya mwanamke kitabu chake nikampa mzee wa ndevu ambaye hayupo duniani.

Skola akauliza, sauti ya chini tu, "Ulimuulia nini Mwajuma?"

Nikamwambia ukweli, maana uongo ulikuwa umeniishia. Nikasema niliogopa nitakosa wa kunipikia. Nilidhani atanipiga. Ningefurahi angenipiga. Aliangalia ile sahani, akaniangalia mimi.

"Si ungesema tu, Deusi," akasema. "Ningekufundisha kupika. Ni kazi ya siku mbili."

Mwanangu, nimetukanwa na watu wengi, na wengi walikuwa na haki. Lakini hakuna tusi lililowahi kunifikia kama zile siku mbili.

Alinifundisha kweli. Nilichukua siku tisa na sufuria mbili zikatoboka, lakini nilijua, na tangu hapo Skola hakunipikia tena. Akanipa na adhabu nyingine. Msimu wa kupukuchua ulipofika, nikae kwenye kigoda kile kile, nisome mwisho wenyewe kama ulivyo, na kabla ya kusoma nieleze kwa nini. Nilieleza. Niliona nyuso zinabadilika moja baada ya nyingine. Mmoja alinirushia gunzi likanipata kwenye sikio, nami nikashukuru. Lakini walikuwa watano. Mama Oresta alikuwa amefariki masika iliyopita, na alikufa akijua Mwajuma amezikwa na wageni. Hilo sina pa kulirekebisha. Hata leo nikipita makaburini napunguza mwendo pale kwake, nasema kimoyomoyo, alifika, mama, alifika salama.

Skola aliolewa, akazaa, akalima. Cherehani aliipata akiwa ameshapata wajukuu, anashona sare za shule hadi leo, kwa miwani. Mmoja wa wajukuu hao anaitwa Neema. Huyo ni msichana wa simu, mambo poa, lakini kwenye simu hiyo hiyo anaandika hadithi, na mwaka huu hadithi yake moja imetoka kwenye kitabu pamoja na za wasichana wenzake. Kitabu chenye jalada kabisa, na majina yao juu yake, makubwa, mtu asidhani ni ya mwenye kitabu.

Alikuja nacho tulipokuwa tunapukuchua mahindi ya mbegu. Siku hizi mashine inafanya kazi, lakini ya mbegu bado tunatumia mikono, na mimi siku hizi napukuchua kama wenzangu. Akanipa.

"Babu, bibi amesema usome wewe," akasema. "Kama ilivyoandikwa."

Nikavaa miwani yangu iliyofungwa uzi. Hadithi ilikuwa ya kijana mmoja mlafi anayejua kusoma, na dada yake asiyejua. Jina alikuwa amebadilisha, ila tonge lilikuwa lile lile, sikio lilikuwa lile lile. Watoto walikuwa wanacheka wananiangalia. Nikasoma, uso unawaka moto, sikuruka kitu. Nikafika mahali ambapo dada anagundua mapema kwamba kadanganywa. Usiku hajalala, asubuhi anafunga mzigo. Halafu nikaona mstari unaofuata, nikanyamaza.

Kwa sababu haikuwa kweli. Na aliyejua kuliko wote kwamba si kweli alikuwa amekaa hapo, mahindi mapajani, anangoja. Nilitamani kuruka. Nilijiambia ni kwa ajili yake, asiumie. Ni hivyo hivyo nilivyojiambia zamani, kuna wakati hata maharage niliyaita huruma. Nikasoma.

"Akapanda gari la Namanyere."

Skola akaacha kupukuchua. 

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia. Akasema tena nirudie, nikarudia mara ya tatu, na mara ya tatu sauti yangu haikuwa ya mtu wa Fomu Tuu wala ya mtu wa darasa lolote. Yeye alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa taratibu kama abiria.

Basi mwanangu, nilichotaka kukuambia ndicho hiki. Ukipewa maneno ya mtu uwapelekee wengine, wafikishie mazima, hata kama yanakukosesha chakula. Ukishika kitabu, tazama jina la aliyekiandika kabla hujampachika mtu ndevu. Soma walichoandika wanawake, maana muda mrefu tulikuwa tunawasemea, na ukituachia sisi tunawazika mapema. Na kama kuna dada yako anakuuliza huko mbele njia ikoje, nawe unajua anafika, mwambie anafika. Halafu jifunze kupika. Ni siku mbili, ukiwa mjinga sana tisa.

Mungu akuwekee ulimi usioongeza wala kupunguza. Akupe watu wa kukusomea taratibu pale unapokuwa umekosea, na akuache hai mpaka uombe radhi. Na dada yako, popote anapokwenda, gari limpeleke, afike salama, aandike mwenyewe.