Betri ya AC kwenye balcony: jua linawaka, mashine ya papa imezima

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Mimi niko Kolwezi, Kongo. Kiswahili chetu cha huku kina mambo yake, mnivumilie. Ninachoandika kimetokea ndani ya nyumba yangu, kwa baba yangu mzazi, sijaongeza chumvi. Na bado nina hasira, kwa hiyo nikifoka mjue sababu.

Iko hivi.

Papa, ndivyo tunavyomwita baba huku, alikuwa fundi umeme wa mgodi maisha yake yote. Vumbi limemmaliza mapafu. Zamani alikaa Kapata, kwenye zile nyumba za wafanyakazi, sasa yuko kwangu mjini, ghorofa ya kwanza, ili awe karibu na hospitali. Anapumua kwa mashine ya oksijeni, ile ya kuchomeka ukutani, yenye mrija wa puani. Mashine ikizima, baada ya dakika chache anaanza kuhangaika.

Na umeme wa huku, aah! Tunalala juu ya shaba, nyaya za dunia nzima zinatoka chini ya miguu yetu, halafu sisi ndio tunakatiwa. Masika ukiuliza unaambiwa mvua. Kiangazi ukiuliza unaambiwa maji yamepungua. Basi tena.

Tulikuwa tunatumia jenereta. Moshi unapanda mpaka sebuleni, kwa mgonjwa wa mapafu, hebu fikirieni. Tukaamua solar. Bati ni la mwenye nyumba, amekataa katakata tusiliguse. Ikabaki balcony, ambayo kwa bahati inatazama kaskazini na inapigwa jua vizuri.

Hapo ndipo tulipojichimbia shimo wenyewe, kama wale wa mtaa wa Kasulo waliochimba kobalti chini ya vitanda vyao.

Kwetu jambo kubwa halipiti bila réunion, kikao cha familia. Ikafanyika kwa video. Yaya Ghislain, kaka yetu mkubwa, anaishi Ubelgiji. Akafungua kikao na akakifunga yeye mwenyewe:

"Mi iko nayo hapa ku balcony yangu. Paneli mbili, inverter kadogo, unachomeka mu prise. Betri nayo unachomeka mu prise ingine. Imeisha."

Hiyo ndiyo AC, wakuu. Nguvu ya jua inageuzwa kuwa umeme wa nyumbani kwanza, inazunguka kwenye soketi, hizo prise za yaya, ndipo betri inachota.

Mimi nilikuwa nimesikia kwa fundi mmoja kuhusu DC: paneli zinajaza betri moja kwa moja kupitia regulator, halafu inverter inatoa umeme peke yake bila kumtegemea mtu. Nikalitaja. Yaya akasema hayo ni mambo ya zamani, ya mabetri ya gari. Mkubwa akishasema, wewe mdogo unabishana na nani?

Papa akainua mkono. "Kama courant inaenda..." Alitaka kusema kitu kuhusu umeme, kikohozi kikamkata.

Sisi wote kwa sauti moja: "Papa, upumzike!"

Mkono ukashuka.

Fundi umeme pekee kwenye kile kikao ndiye tuliyemnyamazisha. Nikikumbuka natamani kujizaba makofi.

Tukaagiza kit kama ya yaya, ikafika, nikafunga mwenyewe. App yake kwenye simu kijani tupu. Wiki nzima umeme haukukatika hata mara moja, kitu ambacho huku sijawahi kukiona. Nikavimba kichwa, jenereta nikampelekea dada yangu Kapata.

Jumanne, saa saba mchana, umeme ukaenda.

Nikacheka, nawaambia ukweli. Nikamwambia papa, usiogope, sasa utaona.

Mashine ikalia pii, pii, pii. Ikanyamaza.

Nikakimbilia balcony. Jua linachoma mpaka chuma hakishikiki. Betri asilimia mia. Simu imeandika kwa nyekundu: hakuna gridi. Yaani umeme ninao ndani ya nyumba, umejifungia kwenye boksi lake, na baba yangu anatafuta hewa!

Nikampigia yaya hapo mlangoni, kando ya kiti cha papa. "Zima, uwashe." Nikazima, nikawasha. "Rudia tena." Yaya wangu, midomo ya papa inabadilika rangi, wewe unaniambia nirudie?

Papa akanivuta shati, akaonyesha sakafu kwa kidole. Ilinichukua muda kuelewa. Chini yetu kuna saluni ya Mama Béa, na jenereta yake ilikuwa imeshaanza kunguruma.

Nikapiga kelele kutoka balcony: "Mama Béa! Mashine ya papa imekufa!"

Yule mama hakuuliza hata swali moja. Akazima mashine zake za kukausha nywele, wateja wakabaki na vichwa vimelowa, akapanda juu ya kiti kupokea waya wa extension niliokuwa nashusha. "Leta! Shusha tena kiloko!" Nikashusha kidogo, akaushika.

Mashine ikawaka. Nikakaa chini, nikashika mguu wa papa, nikalia. Mtu mzima na ndevu zangu.

Kesho yake asubuhi papa akaomba kalamu. Akachora nyuma ya bahasha ya picha za mapafu yake, anasema maneno mawili, anapumzika.

"Hii yenu inafuata courant ya inje. Ile ikikufa, nayo inajizima, juu isiue batu benye kutengeneza nyaya. Njo nilitaka kusema siku ile."

Yaani betri yetu hujizima ili isirudishe umeme kwenye nyaya za nje na kuua mafundi. Hakukasirika. Afadhali angenitukana.

Paneli tumebaki nazo, mengine tumebadilisha kuwa DC. Fundi alifunga, papa kwenye kiti anaelekeza kwa kidole. Sisemi AC ni mbaya. Kwa yaya umeme haukatiki, inamfaa. Na zipo betri za AC zenye soketi ya dharura, yetu haikuwa nayo na hakuna aliyeuliza. Hata hii DC yetu inabeba mashine kwa muda wa saa nne, tano hivi, paneli mbili ni paneli mbili.

Fundi akaanza kukusanya vifaa vyake. Papa akasema bado.

"Zima courant ya nyumba."

Mrija uko puani, mashine imechomekwa kwenye inverter mpya. Nikamwambia, papa, tujaribu na taa kwanza.

"Mi nitapumua na taa? Zima."

Wakuu, ile swichi kuu ni kitu chepesi, mtoto anaishusha. Nikashika, nikaachia, nikashika tena. Nikashusha.

Friji ikanyamaza. Feni ikasimama. Mashine ya papa ikaendelea kunguruma.

Papa naye akaendelea kupumua taratibu. "Bon, ni muzuri," akasema. "Chakula iko wapi?"

Somo nililopata: app ya kijani si ushahidi, na cheo cha ukubwa si ufundi. Kabla fundi hajaondoka, shusha swichi kuu mbele yake.

Wenye betri kwenye balcony, karibuni mseme mlifunga AC au DC. Lakini usiandike comment kabla hujaenda kuzima swichi yako uone nini kinabaki kinawaka.