Tulivyopanda Bugarama Kumuulizia Shabani

Majirani tuliwaambia tunapanda Bugarama kutembea. "Kula baridi," kama wanavyosema siku hizi watu wa Bwiza, mtaa wetu wa Bujumbura: joto la bondeni likikuchosha, unapanda mlimani, unavaa koti, unapiga picha kwenye ukungu, unarudi na mafungu ya karoti na maneno mengi. Watu wanapapenda mno pale. Mimi umri wote huu nilikuwa sijafika, na siku nilipoamua kwenda, baridi haikuwa shida yangu.

Aliyekuwa akipanda huko kila wiki ni mwanangu Shabani. Alinunua kabeji na karoti kwa wakulima wa milimani, akatuletea mjini kuuza. Mwaka juzi, msimu wa mvua, pikipiki yake iliteleza kwenye njia ya udongo, mbali na lami, akaangukia bondeni. Sisi tulipigiwa simu na mtu wa kituo cha afya: kijana wenu ameletwa, lakini ameshafariki. Gari likamshusha, tukamzika jua halijazama. Basi, ikaishia hapo. Nani alimwokota, nani alimfikisha kituoni, alikuwa na mtu au alikata roho peke yake kwenye matope, hakuna aliyejua kutuambia.

"Mwachie Mungu, Mama Shabani," watu walinisihi. Mwanangu nimemwachia Mungu, wallahi. Lakini swali lile halikuniacha. Nakaa dukani kwangu kwenye vitenge, mteja anauliza bei, mimi nasikia: alikuwa peke yake?

Mume wangu, Baba Shabani, ni fundi wa radiyeta za malori kule kwenye viwanda karibu na bandari. Maneno yake ni machache, na tangu msiba yalizidi kupungua. Nilipomwambia nataka kupanda, aliendelea kunawa mikono.

"Kule utakuta nini? Iko baridi tu."

"Basi baki. Mi naenda."

"Uende peke yako? Watu watasema nini?"

"Watasema umeogopa baridi."

Siku ya safari nilimkuta ameshavaa koti, amekaa mlangoni ananingoja mimi.

Baada ya sala ya alfajiri tulichukuliwa na jirani yetu mwenye taksi, ambaye alikuwa amelala kwenye foleni ya mafuta ili safari yetu iwezekane. Mji ukaisha, barabara ikaanza kupanda, kona juu ya kona. Vijana wa baiskeli walikuwa wamejishika nyuma ya malori, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwenye usukani, wakivutwa kwenda juu kutafuta ndizi na makaa. Kila kijana tuliyempita niligeuka kumtazama usoni. Najua ni upumbavu, lakini niligeuka.

Mahali fulani juu, dereva alisimama bila kuulizwa. "Hapa watalii wote wanasimama," alisema. Tukashuka. Ziwa Tanganyika lilikuwa chini kabisa, limetulia, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Mji wetu wote ulikuwa umebaki mabati yanayong'aa kando ya maji. Nilijaribu kuitafuta Bwiza, sikuiona. Dereva akatupiga picha. Kwenye picha ile Baba Shabani anatazama pembeni, na mimi nimeshika shungi langu kwa mikono miwili kwa sababu ya upepo.

Tulifika Bugarama asubuhi ikiwa bado na ukungu. Kabla gari halijazima, wauzaji walikuwa wameshalizunguka: karoti zilizooshwa zikang'aa, powaro, vile vitunguu vya majani marefu, kabeji kubwa, matunda ya marakuja kwenye vikapu. "Mama, chukua! Mama, hizi ni za leo!" Pikipiki zilipita zikipiga honi, malori yakipumua kwenye mlima, na moshi wa nyama ya kuchoma ukachanganyika na ukungu. Nilielewa kwa nini watu wa mjini wanapapenda. Hewa ya pale unaivuta hadi mwisho wa kifua.

Siku ile ya kwanza sikuuliza chochote. Nakiri niliogopa. Kwa muda wote ambao hujajibiwa, unaweza bado kujidanganya. Basi tukawa watalii kwelikweli. Tulichukua chumba kwenye oberji ndogo, tukala viazi na mayai, tukatembezwa kwenye mashamba ya chai, kijani kibichi hadi macho yanachoka. Wachuma chai walitusalimu, "Amahoro!" nasi tukaitikia. Usiku tulilala na makoti. Asubuhi Baba Shabani, ambaye hakuwa ametaka kuja, ndiye aliyeniambia, "Uliza sasa. Hatukuja kwa majani."

Sokoni nilimwendea mwanamke mmoja aliyeonekana ni wa siku nyingi pale, amekaa juu ya gunia la kabeji. Nikamwuliza kwa Kiswahili kama alimjua kijana wa Bujumbura, Shabani, aliyekuwa akinunua mboga kwa pikipiki nyekundu. Alisimama pole pole, akafuta mikono kwenye kitenge chake.

"Shabani wa karoti? We ni nani yake?"

"Mi ni mama yake. Huyu baba yake."

"Yezu wangu," alisema, akanishika mikono yote miwili. Jina lake Spès. Shabani alikuwa mteja wake, na alimtania kila siku, ndivyo alivyosema. "Mumechelewa sana, mama. Watu walimungoja sana mutu wa kwenu. Mukuje, niwapeleke kwa ule mzee aliyemubeba."

Aliyembeba. Nikamshika Baba Shabani mkono mbele za watu, kitu ambacho sisi hatufanyi.

Tuliacha lami, tukaingia njia ya udongo inayozunguka vilima, mara inashuka, mara inapanda, kona zisizoisha, mashamba ya viazi pande zote mbili. Spès alituonyesha bonde lenyewe. Sikuona kitu, nyasi tu na kijito. Nilisimama kidogo, nikamsomea mwanangu Fatiha, tukaendelea.

Nyumbani kwa Mzee Nestori tulikuta wanaume kadhaa wamekwisha kuitwa, maana habari ya mgeni milimani haichelewi. Mzee mwenyewe ni mrefu, mkavu, bega lake moja limeshuka. Alitusalimu vizuri sana, akatukalisha kwenye viti, wengine wakakaa kwenye mikeka. Kikaletwa kibuyu cha pombe ya ndizi chenye mrija. Mzee akavuta kwanza yeye, kama ilivyo desturi ya kwao: mwenyeji anaonja ili mgeni ajue hakuna sumu. Kisha akamnyooshea Baba Shabani kwa mikono miwili.

Mume wangu akaweka mkono kifuani. "Mi sinywi."

Hakuongeza neno. Ndivyo alivyo, na mjini kila mtu anamwelewa. Lakini pale uani hakuna aliyemwelewa. Mzee alirudisha kibuyu chini taratibu. Mwanaume mmoja akachukua kofia yake, akasimama. Nilitazama nyuso zao, nikaona zimefungwa kama milango, na mimi sijauliza hata neno moja.

Spès aliniinamia sikioni. "Mama Shabani, huku kwetu mutu akibebwa kwa ingobyi, watu yake wanarudi kunywa na wale waliomubeba, akipona, asipone. Nyinyi hamukuya. Leo mumekuya, na kinywaji munakataa, na mzee amekwisha onja. Wanazani munasema njo wao waliua mutoto."

Ingobyi ni ile machela ya kusuka ambayo majirani wa mlimani humbebea mgonjwa, wakipokezana mabega hadi barabarani. Hiyo niliijua. Hilo la kurudi kunywa, mtu wa Bwiza kama mimi angelijulia wapi? Nikasimama, nikasema kwa sauti, kwa Kirundi changu cha mjini: "Jamani! Sisi ni Waislamu. Pombe hatunywi kwa mtu yeyote, hata kwa ndugu zetu. Hatukujua nani alimbeba. Tungejua, tungekuja siku ile ile."

Waliitikia kwa vichwa, kwa adabu. Walinielewa, lakini aliyeshika kofia aliendelea kuishika. Maneno si kinywaji.

Ndipo Baba Shabani akafungua mdomo. "Muko na maji?"

Yakaletwa maji kwenye kibuyu kingine. Mzee Nestori akanyoosha mkono aonje kwanza, kama inavyotakiwa. Mume wangu akamzuia.

"Apana onja, Mzee. Leta tu."

Akakitwaa kibuyu mikononi mwake, akanywa, akanywa, hadi maji yakamtiririka kwenye koti. Akanipa mimi. Nilikunywa yaliyobaki, ya baridi kali, meno yakaniuma. Tulipomaliza, yule mwenye kofia alikuwa ameshakaa.

Mzee Nestori akaanza kusimulia. Alisema kwa Kirundi. Mimi naeleza kwa maneno yetu.

"Waliomwona ni wanawake waliokuwa wakienda shamba. Tulipofika alikuwa hai na anazungumza. Mvua ilikuwa kubwa. Tukamweka kwenye ingobyi, nikachukua bega la mbele. Hatukumwacha hata kidogo, mama. Mmoja alimfunika uso na jani la mgomba asinyeshewe."

Nililia hapo. Nililia kwa sauti, bila aibu. Hakuwa peke yake. Wakaniacha nilie nimalize.

"Kisha akasema: Kayanza," aliendelea Mzee. "Tukadhani anataka kupelekwa huko hospitali. Tukamwambia, mwanangu, Kayanza ni mbali. Akakataa kwa kichwa. Akasema, uso wangu tu. Muelekeze uso wangu kule. Hatukujua ni kwa nini, lakini mgonjwa akiomba utafanyaje? Tukamgeuza."

Mimi na Baba Shabani tulitazamana. Ukiwa Bugarama, Kayanza iko upande wa kaskazini. Ndiko kibla.

"Njia hii umeiona, mama. Kila kona ilimpindua upande mwingine. Kila kona tulisimama, tukashusha, tukamgeuza, tukapandisha tena mabegani. Wengine walinipigia kelele, Nestori, tunachelewa! Nikasema, geuzeni. Midomo yake ilikuwa inacheza, anasema maneno yake. Tulipokaribia lami ikanyamaza." Mzee akainama. "Toka siku ile nakiuliza kichwa changu. Tungekimbia tu bila kumgeuza, labda angefika. Nyinyi mlipokosa kuja, nikasema, hata wao wamejua kosa ni letu."

Sitaficha: hasira ilinipanda. Zile kona zote! Nilizitembea asubuhi ile kwa miguu yangu. Nilitaka kupiga kelele, kwa nini hamkukimbia? Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamgeukia Baba Shabani anisaidie kusema, nikamkuta analia. Hakulia kaburini, hakulia matangani. Pale alikuwa analia mdomo wazi, na mkono wake uko juu ya goti la Mzee Nestori.

Neno langu likarudi lilikotoka.

"Mzee," nilisema, "kama angepona, wewe hujui, na mimi sijui. Mwanangu aliomba kitu kimoja tu, na mimi mama yake sikuwepo nimpe. Wewe ulimpa. Ningekuwa chini ya ile ingobyi, na mimi ningesema, geuzeni."

Mzee akainua kichwa. "Mwihangane," alisema, ndilo neno lao la pole, na wote wakalirudia.

Mchana tulituma mtu Bugarama alete Fanta za kutosha uani pale, tukanywa nao kama ilivyopaswa tangu mwanzo. Ilipofika alasiri, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, huoni hata nyumba ya jirani. Baba Shabani alitandika koti lake chini aswali, akageuka huku na huku, amepotea.

"Kayanza iko upande gani?" aliuliza.

Mzee Nestori akanyoosha mkono. Na wale wengine, kila mmoja pale alipokaa, bila kutazamana, wakanyoosha mikono yao upande ule ule.

Jioni tulishuka. Joto lilitupokea kabla hatujaufikia mji, nikavua koti. Njiani mume wangu aliongea kuliko alivyoongea mwaka mzima, mara ziwa, mara chai, mara Shabani alipokuwa mdogo na kuogopa honi za malori. Mtaani wakatuuliza, baridi ilikuwaje? Tukasema ni nzuri, mwende.

Nilichojifunza ni hiki. Nilipanda na swali langu nikidhani mlimani nitakuta watu waliokwisha kunisahau. Kumbe na wao walikuwa na la kwao, linawanyima usingizi, na wa kuwajibu ni mimi, nami niko dukani nauza vitenge. Nyumba iliyofiwa huwa tunakwenda haraka kuipa pole. Waliobeba, nani huwapa? Sasa anayetaka kujua mwanangu alikufaje namwambia bila kuhema: alikufia mabegani mwa watu.